Injini ya Dizeli Inagonga Baada ya Kuifungua Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo

Wasomaji wengi wanaouliza kuhusu mlio mpya wa injini ya dizeli huwa wamekwisha kubadilisha nozeli zote (vinyunyizio vya dizeli), na wengine hata pampu ya dizeli, ilhali mlio ungali palepale. Tatizo lao ni moja: walianza na kifaa wanachokishuku, badala ya kuanza na kazi waliyoifanya kwa mikono yao. Injini iliyokuwa ikinguruma vizuri kabla ya kufunguliwa, ikaanza kugonga baada ya kufungwa, kwa kawaida inalalamikia kitu kilichoguswa, na ni busara kushikilia hivyo mpaka vipimo vithibitishe vingine.

Mwongozo huu unahusu injini za dizeli za mipigo minne, za pampu ya kawaida na za komoni reli (zenye bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote, zikiongozwa na kompyuta). Panapotofautiana nimetaja, kwa sababu kipimo kilicho salama kwenye mojawapo kinaweza kukujeruhi vibaya kwenye nyingine.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kitabu cha matengenezo cha injini hiyohiyo, si cha injini inayofanana nayo.
- Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), na soketi inayoingia kwenye bolti ya puli ya krankishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) pamoja na mpini mrefu.
- Bisibisi ndefu au stethoskopu ya fundi, na kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mita moja hivi.
- Fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi ndogo), na geji ya kupimia presha ya oili.
- Simu yenye uwezo wa kurekodi sauti, chaki nyeupe, tochi na maji ya sabuni.
- Kwa komoni reli, kifaa cha kusoma kompyuta ya injini.
- Miwani ya kazi, glavu, kizima moto, na ubao bapa unaotosha kuziba kabisa mdomo wa bomba la kuingizia hewa.

Ubao huo huwashangaza wengi. Injini ya dizeli iliyofungwa vibaya inaweza kuvuta oili yake yenyewe kama mafuta ya kuendeshea, kwa mfano pale oili ilipozidi kiwango au sili ya tabo (tabochaja) ilipoharibika, na hapo itapanda mizunguko bila kusikia swichi. Njia ya kuizima ni kuinyima hewa. Usizibe kwa kiganja wala kwa kitambaa, kwa kuwa mvuto wake ni mkubwa.

Fanyia kazi mahali pa wazi ili moshi usikusanyike, weka vizuizi kwenye matairi, gia iwe huru, na nguo zisizobana ziwe mbali na feni na mikanda.

## Hatua ya 1: Zima injini, wala usipige resi

Jambo la kwanza ambalo watu hufanya wakisikia mgongano ni kukanyaga moto ili wausikie vizuri zaidi. Ukifanya hivyo beringi iliyoanza kulegea hufa kabisa, na valvu iliyokuwa ikigusa pistoni kidogo hupinda.

Kuna hali tatu ambazo hazina mjadala, na injini izimwe papo hapo. Ya kwanza ni taa ya oili kutozimika ndani ya sekunde chache baada ya kuwaka kwa injini. Ya pili ni mlio mzito wa kugonga unaotoka chini, kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini). Ya tatu ni mlio mkali wa chuma kugonga chuma unaoanza mara tu baada ya kazi ya mkanda au cheni ya taimingi (inayopatanisha mzunguko wa pistoni na wa valvu), au baada ya kufungua silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda). Katika hali hizo usiiwashe tena mpaka umalize Hatua ya 3.

## Hatua ya 2: Orodhesha kila kilichoguswa

Chukua karatasi uandike kila bolti, paipu, gasketi na waya uliofungua, pamoja na vile ulivyoviondoa ili tu kupata njia. Usiandike kwa jumla kwamba ulibadilisha gasketi ya hedi. Andika kwamba uliondoa nozeli, ukafungua manifoldi (mabomba ya hewa au moshi yaliyofungwa kwenye hedi), ukatoa mkanda wa taimingi, ukalegeza pampu. Mara nyingi kosa halimo kwenye kazi kuu, ambayo fundi huifanya kwa uangalifu, bali limo kwenye kile kilichoondolewa njiani na kurudishwa kwa haraka.

Pembeni ya kila kitu andika kama ulikaza kwa toki, kama uliweka washa (pete bapa ya chuma) au gasketi mpya, na kama kuna kipuri kilichobaki mezani. Utakuwa umefaulu ukipata orodha yenye vitu vitatu au vinne visivyo na uhakika. Hivyo ndivyo washukiwa wako wa kwanza.

## Hatua ya 3: Kagua injini ikiwa imezimwa

Pima oili kwa kijiti. Ikipungua, pampu ya oili huvuta hewa. Ikizidi, krankishafti huipiga ikawa povu, na povu halibebi beringi. Hakikisha pia kwamba filta ya oili ni ya injini hiyo, kwa kuwa filta inayoingia kwenye nyuzi si lazima iwe na valvu sahihi ndani yake.

Kisha zungusha injini kwa mkono. Ondoa plagi za kupasha moto ili presha isikushinde, weka soketi kwenye bolti ya puli ya krankishafti, uizungushe katika mwelekeo wake wa kawaida mizunguko miwili kamili. Miwili, kwa sababu kamshafti (mhimili unaofungua valvu) huzunguka mara moja tu wakati krankishafti inazunguka mara mbili, na valvu zote hukamilisha kazi yao ndani ya kipindi hicho. Alama zote za taimingi lazima zirudi mahali pake: za krankishafti, za kamshafti na za pampu ya dizeli ikiwa inaendeshwa na mkanda huohuo.

Onyo: mpini ukikwama ghafla kwa ugumu wa chuma, acha. Usiongeze nguvu. Huenda pistoni imekutana na valvu, au kuna kitu kilichodondokea ndani ya silinda, na mkono wenye mpini mrefu unatosha kupinda valvu.

Alama ikiwa imehama hata kwa jino moja, usiendelee na hatua nyingine kabla ya kufunga taimingi upya. Injini nyingi za dizeli huwaka zikiwa zimekosea jino moja, tena huwaka bila shida kubwa, na ndiyo maana kosa hili hupita bila kushukiwa.

Hatua hii ikienda sawa, injini huzunguka kwa uzito wa kadiri mizunguko yote miwili, bila kugusa mahali popote, na alama zote hukutana.

## Hatua ya 4: Sikiliza mdundo, joto na mzigo

Hapa ndipo penye majibu mengi, na ndipo watu hupita mbio. Washa injini ikiwa baridi, iache kwenye sailensa (mzunguko wa chini, bila kukanyaga moto), urekodi sauti kwa sekunde 10. Rekodi tena inapokuwa na joto la kazi.

Kwanza hesabu mdundo. Kwenye sailensa ya mizunguko 750 kwa dakika, krankishafti huzunguka mara 12.5 kwa sekunde, na kamshafti nusu ya hapo. Kwa hiyo ndani ya sekunde 10 kitu kinachofuata krankishafti kitagonga mara 125, na kinachofuata kamshafti kitagonga mara 62 au 63. Sikio halitaweza kuhesabu hayo moja kwa moja, lakini ukiicheza rekodi kwa robo ya kasi yake utaweza.

Mlio wa mara 62 huelekeza kwenye valvu, tapeti (visukuma valvu), nozeli, au mwako wa silinda moja. Mlio wa mara 125 huelekeza kwenye puli, flaiwili (gurudumu zito lililo mwisho wa krankishafti) au beringi. Mlio wa kasi kupita hapo, unaokaribia kuwa mfululizo, mara nyingi ni silinda zote zikigonga kwa pamoja, na hiyo ni dalili ya jambo linalozihusu zote: taimingi ya pampu, hewa ndani ya dizeli, au dizeli mbaya. Beringi ya koneki rodi (mkono unaounganisha pistoni na krankishafti) inaweza kusikika kwa nguvu kwenye mpigo mmoja kuliko mwingine, hivyo hesabu hii ni ushahidi, si hukumu.

Pili, tazama joto. Mlio wa kugonga wa mwako huwa mkali injini ikiwa baridi na hupungua inapopata moto. Sababu yake ni kwamba dizeli haiwaki papo hapo inaponyunyizwa. Huchelewa kidogo, na kadiri inavyochelewa ndivyo nyingi zaidi inavyojilimbikiza na kulipuka kwa mkupuo mmoja. Baridi huongeza ucheleweshaji huo. Pistoni iliyolegea kwenye silinda nayo hupungua kelele kwa joto, kwa sababu hutanuka. Beringi ni kinyume: oili ikipata moto huwa nyepesi, na mlio wa kugonga huongezeka.

Tatu, tazama mzigo. Washa taa na vifaa vingine vya umeme, na ikiwa gari lina kiyoyozi, kiwashe. Mlio ukibadilika hapo hapo, shuku mkanda wa nje, puli au alteneta kabla ya kushuku ndani ya injini. Kanyaga klachi pia. Mlio unaotokea au kupotea kwa pedali uko kwenye klachi, beringi yake au flaiwili.

## Hatua ya 5: Tafuta mahali mlio unapotoka

Gusisha ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, kisha hama taratibu: kifuniko cha tapeti, shingo ya kila nozeli, ubavu wa bloku, sampu, kifuniko cha taimingi, pampu. Chuma husafirisha sauti mbali, kwa hiyo usiridhike na mahali pa kwanza penye kelele. Linganisha sehemu sawa za silinda zote.

Kwa milio ya kupuliza tumia mpira. Weka ncha moja sikioni na nyingine uipitishe karibu na maungio ya manifoldi ya moshi na kwenye vitako vya nozeli. Moshi unaovuja hutoa mlio wa "tik tik" unaofanana mno na tapeti iliyolegea, na mara nyingi hupungua chuma kinapotanuka kwa joto. Nozeli isiyokaa vizuri hutoa mlio wa "chuf chuf", na baada ya muda huzungukwa na masizi meusi magumu kama lami. Mimina maji ya sabuni kidogo kwenye kitako chake: mapovu yakichemka, umepata jibu.

## Hatua ya 6: Kata dizeli silinda moja baada ya nyingine

Hiki ndicho kipimo chenye nguvu kuliko vyote katika mwongozo huu, na pia ndicho chenye hatari zaidi.

Kwa injini ya pampu ya kawaida, vaa miwani na glavu, funika nati ya paipu upande wa nozeli kwa kitambaa, uilegeze nusu mzunguko injini ikiwa kwenye sailensa. Dizeli itatoka nje na silinda hiyo haitawaka. Sikiliza, kaza, uhamie silinda inayofuata. Hakikisha dizeli haimwagikii manifoldi yenye moto.

Kwa injini ya komoni reli, au ile ambayo kila nozeli ina pampu yake, usilegeze paipu yoyote ikiwa inanguruma. Presha ya reli huweza kuzidi bar 1,600, na mchirizi mwembamba wake hupenya glavu na ngozi. Kidonda chake huonekana kidogo kama alama ya sindano na huweza kusababisha mkono kukatwa, hivyo aliyepigwa apelekwe hospitali bila kusubiri maumivu, na daktari aambiwe wazi kwamba ni dizeli yenye presha. Tumia kifaa cha kompyuta kuzima nozeli moja moja. Kuchomoa plagi za umeme injini ikiwaka si mbadala mzuri, kwa kuwa umeme wa nozeli hizo ni mkubwa kuliko wa betri.

Matokeo yasomwe hivi. Mlio ukipotea au kupungua sana kwenye silinda moja, unatokana na mwako wa silinda hiyo, au na beringi ya koneki rodi yake iliyopunguziwa mzigo. Joto na mahali, ulivyovipata katika hatua zilizotangulia, vitatenganisha hayo mawili. Mlio ukipungua kidogo na kwa usawa kwenye kila silinda, chanzo ni cha pamoja. Mlio usipobadilika hata kidogo popote, si wa mwako: tafuta tapeti, valvu inayogusa pistoni, pistoni inayogusa hedi, au kitu cha nje.

## Hatua ya 7: Fuata jibu ulilolipata

### Silinda moja inagonga kwa mwako

Toa nozeli yake uangalie washa ya shaba. Kosa la kawaida ni washa ya zamani kubaki imeganda ndani ya tundu na mpya kuwekwa juu yake. Nozeli huinuka, mnyunyizo hupotea mahali pake, na gesi huvuja. Mulika tundu kwa tochi. Washa ya unene usio sahihi huleta madhara yaleyale.

Ikiwa washa ni sawa, badilishana nozeli hiyo na ya jirani, ukiweka washa mpya pande zote mbili. Mlio ukihama na nozeli, nozeli ni mbovu. Ukibaki kwenye silinda, usinunue nozeli. Pima mgandamizo kwa geji ya dizeli, kwa sababu ile ya petroli haihimili presha hiyo. Kwenye komoni reli, nozeli nyingi zina namba zilizochorwa juu yake ambazo lazima ziingizwe kwenye kompyuta kwa silinda husika. Zikibadilishana bila namba kubadilishwa, injini inaweza kugonga hata kama nozeli zote ni mpya.

### Silinda zote zinagonga

Anza na hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli, kwa kuwa kuiondoa hakugharimu kitu. Weka kwa muda kipande cha mpira unaopitisha mwanga kwenye njia ya kuingia pampu, uangalie mapovu. Kumbuka kwamba upande wa kuvuta unaweza kuingiza hewa bila kudondosha dizeli hata tone, hivyo ukavu wa maungio hauthibitishi kitu. Toa hewa kuanzia filta, kisha pampu, na mwisho paipu za nozeli kwa injini za kawaida. Usizungushe stata zaidi ya sekunde 15 kwa mkupuo, na uipumzishe.

Kama kulikuwa na uwezekano wa petroli kuingia kwenye tangi, hata kidogo, liondolee mafuta yote kabla ya kuendelea. Petroli hugongesha injini na huondoa ulainishaji wa pampu.

Pampu ikiwa ililegezwa, taimingi yake ndiyo mshukiwa mkuu. Ikiwahi, mlio huwa mkavu na mkali na injini hupata joto kupita kiasi. Ikichelewa, hutoa moshi mweupe, huwa nzito kuwaka na hukosa nguvu. Rudisha alama ya kwenye kitako cha pampu, kisha pima kwa daili geji (geji ya mshale inayopima mwendo mdogo) kama kitabu kinavyoelekeza. Kupanga pampu kwa sikio ni mazoea niyapingayo, kwa kuwa sikio hukubali upana wa nyuzi (digrii za mzunguko) ambao pistoni na gasketi ya hedi haziukubali.

### Mlio haubadiliki dizeli ikikatwa

Ikiwa ulifungua hedi, chunguza gasketi uliyoweka. Gasketi za injini nyingi za dizeli huuzwa kwa unene kadhaa, unaotambulishwa kwa idadi ya matundu au vikato pembeni, na huchaguliwa kwa kupima pistoni inavyochomoza juu ya bloku. Hedi ikikwanguliwa au gasketi ikiwa nyembamba mno, pistoni huweza kugusa valvu au hedi. Hapa hakuna njia ya mkato. Hedi itoke, na alama za kugusana zitaonekana juu ya pistoni.

Ikiwa uligusa tapeti tu, zipime tena kwa fila geji, silinda moja moja, injini ikiwa na joto linalotajwa kitabuni. Tapeti iliyolegea hupiga kelele. Iliyobana sana hukaa kimya na kuunguza valvu, hivyo usizibane ili tu kuua mlio. Tapeti za oili (zinazojirekebisha kwa presha ya oili) hupiga kelele baada ya kufungwa mpaka hewa itoke ndani yake, na dakika chache za kelele nyepesi ni za kawaida ikiwa presha ya oili ni nzuri.

Kabla ya kushusha sampu, kaza kwa toki bolti za flaiwili na ya puli ya krankishafti, ikiwa ziliguswa. Zikilegea hutoa mlio mzito wa kugonga unaoiga beringi iliyokufa, na ovaholi (kufungua na kutengeneza injini nzima) hufanywa bure kwa ajili ya bolti hizo. Bolti ambazo kitabu kinasema ni za kutumika mara moja zibadilishwe.

### Mlio wa kugonga wa chini unaoongezeka kwa joto

Pima presha ya oili kwa geji, si kwa taa. Kisha kata filta ya oili, kunjua karatasi yake na uimulike. Vipande vinavyong'aa, vya rangi ya fedha au shaba, ni mabaki ya beringi, na sumaku haitavinasa, kwa hiyo usijifariji kwa sumaku iliyo safi. Presha ikiwa chini au vipande vikiwepo, injini haiwashwi tena mpaka sampu ishuke na beringi zikaguliwe.

## Hatua ya 8: Thibitisha kwamba umemaliza

Rekodi tena kwa simu, baridi na moto, mahali palepale ulipoweka simu mwanzoni, ulinganishe na rekodi za awali. Kumbukumbu ya sikio hudanganya, hasa baada ya kazi ya kutwa.

Endesha kwa mzigo mwepesi kwa dakika 20 hivi, simama, ukague uvujaji wa dizeli, oili na maji, kisha pima oili upya. Jaribio la kweli ni la asubuhi inayofuata: injini iwake ikiwa baridi kabisa, taa ya oili izime ndani ya sekunde chache, ngurumo iwe sawa kwa silinda zote, na moshi mweupe, kama upo, ukome inapopata joto.

Mlio ukiwa umebaki baada ya yote haya, mpelekee fundi wa pampu na nozeli au wa injini, kulingana na ulichopata katika Hatua ya 6, ukimkabidhi karatasi ya Hatua ya 2 pamoja na rekodi zote, ili asianze kufungua upya ulichokwisha kukithibitisha.